Kazaliwa saa kumi jioni, kanyonya kesho yake asubuhi: kisa cha mama wa operesheni

Hiki kisa naandika kwa urefu kwa sababu kila nikikisimulia kwa kifupi watu wanakimbilia kutafuta mkosaji, mmoja atasema ni mama mkwe, mwingine atasema manesi siku hizi hawana huruma, alafu ukikaa ukamsikiliza kila aliyekuwepo siku ile unakuta hakuna hata mmoja aliyetaka mtoto asinyonye. Na bado mtoto mzima, wa kilo 3.1, kakaa kama masaa 17 bila kulipata titi la mama yake. Mimi ni mkunga, nafanya kazi wodi ya wazazi kwenye hospitali ya wilaya huku Tanzania, hospitali sitaitaja na vitu vidogo vidogo vya huyo mama nimevibadilisha, ila mwenyewe kaniruhusu nisimulie na kaniambia niandike yote.

Mama ana miaka 23, mimba ya kwanza, kliniki kahudhuria vizuri, presha nzuri, damu nzuri. Uchungu ulianza usiku, njia ikafunguka mpaka sentimita 7 ikagoma hapo, mchana mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka na dokta akaamua apelekwe thieta. Alichomwa sindano ya ganzi ya mgongo, sio nusukaputi, maana yake muda wote alikuwa macho, anaongea, anasikia. Hili naomba ulikumbuke. Mtoto wa kike katoka saa kumi na dakika kumi jioni, kalia hapohapo, alama za apga (zile za kupima hali ya mtoto akishazaliwa, kamili ni 10) 8 na baadae 10. Hakuna kitu chochote kwa mama wala kwa mtoto ambacho kingezuia kunyonyesha.

Sasa angalia kilichofuata. Nesi wa thieta kamkausha mtoto, kampima, kamvalisha, kamsogeza mama amwone usoni, mama kambusu kwenye paji la uso basi. Nje kulikuwa na mgonjwa mwingine anavuja damu anasubiri meza hiyohiyo, nesi wa kupokea watoto ni mmoja, chumba cha kupumzikia wagonjwa baada ya operesheni ni kidogo na kina baridi, so ikaonekana mtoto atapata joto zaidi kwa ndugu. Akatolewa nje akakabidhiwa bibi yake mzaa baba. Kwenye faili imeandikwa mtoto hai, jinsia ya kike, amekabidhiwa kwa ndugu, saini. Ukilifungua lile faili hutakuta neno lolote kuhusu kunyonya mpaka asubuhi ya kesho yake.

Bibi kakaa na mtoto kwenye benchi la korido mpaka mama aliporudishwa wodini, ilikuwa imefika saa mbili usiku. Kesho yake nilimuomba bibi anisimulie ule muda taratibu, na alivyosimulia kila mkunga angetamani angekuwepo pale. Anasema mtoto alikuwa macho kabisa, anaangalia taa, analamba midomo, anatoa ulimi, anaingiza ngumi mdomoni, anageuza kichwa anapekua kwenye kanga kama anatafuta kitu. "Nikajua huyu ana njaa mwanangu, na mama yake yuko ndani, nifanyeje?" Alikuwa na chupa ya chai yenye maji ya moto, wamama wenzake wa pale kwenye benchi wakamwambia dukani hapo nje wanauza glukosi, akakoroga kidogo, akaacha ipoe, akamnywesha kwa kijiko cha chai. Mtoto akanywa. Akalala. Alipoamka akapewa tena.

Yule bibi alichokiona kilikuwa sahihi kabisa. Mtoto akizaliwa salama, lile saa la kwanza mpaka la pili anakuwa macho kuliko atakavyokuwa kwa masaa mengi yanayofuata, mwili wake umejaa homoni za ule msukosuko wa kuzaliwa, na ukimweka uchi kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, anapita hatua ambazo huhitaji kumfundisha: analia kidogo, anatulia, anafungua macho, anaanza kusogeza mdomo na mikono, anapumzika, anajivuta kuelekea kwenye titi, analigusa, analilamba, alafu analidaka mwenyewe. Wengi inawachukua kama saa moja hivi, na ndo maana ukimweka mtoto kifuani dakika tano ukamuondoa ukapime uzito unakuwa umemkatisha katikati ya safari. Akishanyonya analala, usingizi mzito, na huo usingizi unakuja hata kama hajanyonya. So yule binti alikuwa anafanya kila kitu cha kwenye kitabu, ila alikuwa anakifanya kwenye kanga ya bibi, mita chache kutoka kwa mama aliyelala macho ndani anauliza mwanangu yuko wapi.

Alafu yale maji ya glukosi. Bibi alidhani anamsaidia mpaka mama atoke, na nyumba nyingi ndo wanavyofanya, kwingine ni maji ya kuchemsha, kwingine dawa ya tumbo, kwingine asali (asali kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja jamani hapana, inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli mpaka mtoto ashindwe kupumua). Mtoto mzima aliyetimiza miezi yake anazaliwa na akiba ya sukari kwenye ini, inashuka kidogo masaa ya mwanzo alafu inapanda yenyewe, na kile kidogo anachohitaji kiko kwenye maziwa ya kwanza. Ukimjaza maji tumbo dogo vile anashiba kitu kisichokuwa na kinga, hamu ya kutafuta titi inaisha, titi halinyonywi, na lisiponyonywa mwili wa mama haupati taarifa kwamba kuna mtu anahitaji maziwa. Bado sijazungumzia usafi wa kile kijiko kwenye korido.

Usiku ulikuwa mgumu, nausimulia kama nilivyoambiwa na mama na wenzangu wa zamu. Mama kaletwa wodini muda uleule manesi wanakabidhiana zamu. Kakabidhiwa vizuri tu: damu haivuji sana, mkojo unatoka kwenye katheta, dripu ya ngapi, dawa ya maumivu kapata saa ngapi. Kuhusu mtoto walisema yupo na bibi, anaendelea vizuri. Na kweli alikuwa amelala, kashiba. Mtoto aliyelala hasumbui mtu kwenye wodi iliyojaa yenye manesi wawili.

Saa sita usiku mtoto kaamka na kilio. Mama kaambiwa asiinuke sababu ya ile sindano ya mgongo, kidonda kimeanza kuuma ganzi ilivyoisha, bibi kamwinamishia mtoto kifuani kwa juu, mtoto analia kichwa kinaenda huku na huku, kadaka ncha ya chuchu tu, kaiachia, kalia zaidi. Mama wa kitanda cha jirani kasema chuchu zako fupi ndo shida. Mama kajikamua mwenyewe kwa kubana ncha, hamna kitu. Hapo ndo lile neno likatoka, sina maziwa. Glukosi tena. Alfajiri baba wa mtoto kapigiwa simu atafute duka la dawa lililo wazi anunue kopo la maziwa na chupa, na kabla sijaingia zamu vilikuwa vimeshafika vipo juu ya kabati la kitanda, kopo halijafunguliwa.

Niliwakuta saa mbili asubuhi. Nilisalimia, "Shikamoo mama," bibi kaitikia marahaba huku mkono uko kwenye kopo. Sikuanza na kopo. Nilianza na mtoto: analala lakini ukimgusa anaamka, rangi nzuri, hana manjano, kinywa hakijakauka, kakojoa mara moja, choo cheusi cha kwanza kimetoka. Joto 36.1, ya chini, mtoto mchanga tunamtaka awe kati ya 36.5 na 37.5. Nikapima sukari kwa sababu ya ule ubaridi na masaa aliyokaa, ikawa sawa. Ingekuwa chini, au mtoto angekuwa kalegea haamki, hii stori ingekuwa nyingine kabisa, angekuwa wodi ya watoto wachanga saa ileile, na mimi sio mtu wa kusema maziwa ya kopo ni sumu, kuna watoto wanayahitaji kwa maelekezo ya dokta. Huyu hakuyahitaji.

Tukamvua mtoto nguo tukamwachia pampasi na kofia, mama tukamfungua kifua, mtoto kawekwa juu juu ya kifua mbali na kidonda, vitenge viwili juu yao. Nikamwambia mama asifanye chochote kwanza, amshike tu. Wakati mtoto anapata joto nikamwonyesha mama kukamua kwa mkono: vidole sio kwenye chuchu, viko nyuma kidogo, ukingoni mwa ile sehemu nyeusi, unasukuma kuelekea kifuani alafu unabana, unaachia, unarudia bila kusugua. Dakika mbili tatu za mwanzo kavu. Mama anatazama dari. Alafu tone, la njano, zito, likaning'inia. Nikachukua kijiko kisafi. Bibi kasogea karibu akasema "kumbe yapo!" alafu kwa sauti ya chini kaniuliza, "Lakini nesi, haya si ndo yale machafu, si yanatakiwa yamwagwe?"

Nilifurahi alivyouliza, kuna bibi anakaa kimya alafu anayamwaga ukishaondoka. Nikamwambia bibi, huu ndo uji wake wa kwanza na ndo chanjo yake ya kwanza, hiyo njano ni vitamini A na uzito huo ni kinga. Na uchache wake ni wa kawaida, mwili wa mama siku ya kwanza unatoa kidogo sana, mililita chache kwa kila mnyonyo, na mtoto wa siku ya kwanza anahitaji kidogo hichohicho. Maziwa mengi meupe yanakuja siku ya pili mpaka ya nne, baada ya kondo la nyuma kutoka na homoni zake kushuka, na kwa mama wa operesheni yanaweza kuchelewa zaidi kidogo. Sasa mtu anajikamua usiku wa kwanza anategemea kuona maziwa yanachuruzika, asipoyaona anahukumu kwamba hana, na ndo namna wamama wengi wanapoteza imani na matiti yao kabla hata kazi haijaanza. Ukiniuliza mimi, lile neno sina maziwa la usiku wa kwanza limeingiza makopo mengi kwenye wodi zetu kuliko tangazo lolote.

Tukampa kile kijiko mtoto akiwa palepale kifuani. Kalamba, kaamka zaidi, kafungua macho. Tukamgeuza mama kwa ubavu na mto nyuma ya mgongo, mtoto tumbo kwa tumbo na mama, pua inaangalia chuchu, tukasubiri mpaka mdomo ufunguke kabisa ndo tukamsogeza, kidevu kikagusa titi kwanza. Kadaka, kaachia. Kadaka, kaachia. Chuchu za huyu mama ni bapa kweli, ila mtoto hanyonyi chuchu, ananyonya titi, akishaingiza mdomoni ile sehemu nyeusi ya kutosha ufupi wa chuchu hausumbui sana. Mara ya tatu au ya nne, ilikuwa inakaribia saa tatu na robo, kadaka akabaki, taya linashuka, tunasikia anameza. Mama kasema tumbo linamkaza, nikamwambia hiyo ni nzuri, mtoto akinyonya mfuko wa uzazi unajibana na damu inapungua. Lile kopo baba alikuja mchana akalichukua, sijui alilipeleka wapi na sikuuliza.

Sasa tulipe hili jambo uzito wake. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanasema mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja. Ripoti yao ya 2018 ilionyesha watoto 3 kati ya 5 hawapati hiyo nafasi, kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati hao ni watoto milioni 78 kwa mwaka. Na tafiti walizozitumia zinasema waliochelewa kuanzia saa la 2 mpaka la 23 walikuwa na hatari ya kufa kubwa zaidi kwa asilimia 33 kuliko walioanza ndani ya saa moja, na waliochelewa siku nzima au zaidi hatari ilikuwa zaidi ya mara mbili. Tanzania tumo kwenye hizo tafiti, pamoja na Ghana na India, so mtu asiniambie ni mambo ya Ulaya. Yule binti wa masaa 17 yumo ndani ya hilo kundi la kwanza. Alitoka salama, wengi wanatoka salama, lakini alibebeshwa hatari ambayo haikuwa na sababu yoyote.

Na operesheni ndo inatuumiza zaidi. Ripoti hiyohiyo inaitaja Misri: mwaka 2005 waliozaa kwa upasuaji walikuwa asilimia 20, 2014 wakafika 52, na kipindi hichohicho watoto wanaoanza kunyonya ndani ya saa moja wakashuka kutoka 40 mpaka 27. Kati ya waliozaliwa kwa upasuaji, walioanza kunyonya ndani ya saa moja walikuwa asilimia 19 tu, wa njia ya kawaida 39. Maziwa ya wamama wa Misri hayajabadilika ndani ya miaka tisa. Kilichobadilika ni nani anamshika mtoto baada ya kutoka tumboni.

Na hapo ndo nilipokuwa napaelekea na hiki kisa. Thieta kila kitu kina mwenyewe, kuna wa kuhesabu pamba na mikasi, kuna wa dawa ya ganzi, kuna wa kumkausha mtoto. Kumweka mtoto kwenye titi hakukuwa na mwenyewe. Wa thieta anajua ni kazi ya wodi, wodi wanajua mtoto yupo kwa ndugu, ndugu wanajua manesi watasema muda ukifika, mama anaogopa kuuliza ataonekana msumbufu. Kila mmoja kafanya cha kwake vizuri na saa likapita katikati yao. Zile hatua kumi za hospitali rafiki kwa mtoto, mwongozo wa haohao Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kusaidia unyonyeshaji hospitalini, zipo tangu 1989, zikaboreshwa 2018, hatua ya nne inasema ngozi kwa ngozi mara moja bila kukatishwa na mama asaidiwe kuanza kunyonyesha mapema iwezekanavyo, na bango lake limebandikwa wodini kwetu. Ila wodini ni saa limeshapita. Bango lilitakiwa liwe thieta na pembeni yake jina la mtu wa zamu ile.

Ingewezekana wapi? Mezani palepale ingewezekana, mama wa sindano ya mgongo mikono na kifua viko huru, mtoto akikaushwa anaweza kulazwa kifuani wakati dokta anashona, inataka mtu mmoja wa kumwangalia asiteleze na pua isizibe. Najua siku ile hakuwepo huyo mtu, mgonjwa anayevuja damu anatangulia na sibishani na hilo. Lakini kulikuwa na karibu masaa manne kabla mama hajarudishwa wodini, mengi yake kwenye kile chumba cha kupumzikia. Bibi angevalishwa gauni na kofia akaingia na mtoto, akakaa pembeni ya kitanda akamshikilia mtoto kwenye titi, mkunga anapita kuangalia mara moja moja. Ndugu tunawaona kama watu wa kusubiri nje kumbe wao ndo mikono tunayolia kila siku hatuna. Hata kama mama angekuwa wa nusukaputi, baba angeweza kumweka mtoto kifuani kwake, joto ni joto, mpaka mama aamke, na mama akishaamka anaelewa anachoulizwa anaanza kunyonyesha.

Huwa naulizwa na wamama wanaotumia ARV kama wao wanatakiwa wasubiri. Hapana, anayemeza dawa zake vizuri ananyonyesha saa ileile na mtoto anaanzishiwa nevirapini yake, dawa ya kumkinga na virusi vya Ukimwi, subira haimkingi na kitu.

Yule binti baada ya pale alinyonya kila alipoonyesha dalili, ikawa mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku mama akiwa amelala ubavu na bibi ndo anambadilisha upande. Siku ya tatu uzito ulikuwa 2.86, kashuka kama asilimia 8, mama alishtuka sana ila karibu watoto wote wanashuka mwanzoni na sisi tunaanza kuwa na wasiwasi ikikaribia 10, na wa operesheni sehemu ya uzito wanaopungua ni maji ya dripu alizopewa mama yanayotoka mwilini mwao. Siku ya nne matiti yakajaa mpaka yakauma. Choo kikabadilika kutoka cheusi kwenda kijani kwenda njano, kliniki ya wiki ya pili kasoma kilo 3.2.

Wodini tumebadilisha kitu kimoja, kwenye karatasi ya kukabidhiana kutoka thieta tumeongeza mstari wa muda aliponyonya mara ya kwanza, na kama hajanyonya unaandika sababu na jina lako. Mchana unajazwa vizuri. Usiku bado unarudi mtupu mara nyingi, na nikiangalia idadi yetu ya usiku sishangai, kwa hiyo tumeanza kumweleza ndugu mmoja wa kila mama kabla hajaingia thieta, tukimkabidhi mtoto tunamwambia kwa mdomo: usimpe kitu, akilamba midomo gonga huu mlango.